Alama ya Kikombe

Penseli alikuwa mtu wa usafi uliopitiliza. Alama ya maji mezani ilimkosesha raha. Mgeni akiweka glasi, kabla hajameza funda la kwanza tayari kisahani cha plastiki kimeshapenyezwa chini yake, kimyakimya, tena kwa tabasamu. Wageni wengine walimcheka, wengine walizoea, na mumewe alishasalimu amri zamani. Baba yake ndiye alikuwa bado anajifunza.

"Samahani, mwanangu," alisema asubuhi ile, kisahani kilipoingia chini ya kikombe chake cha chai. "Nasahau kila siku."

"Hakuna shida, baba. Wewe kunywa tu."

Hakuna shida, lakini kitambaa kilishapita mezani. Mzee akajifanya hakukiona, akavuta simu yake karibu.

Watu walimwita Fundi. Maisha yake yote alikata, aliranda na kuunganisha mbao, mpaka magoti yakamgomea na binti akamchukua kuja kukaa naye ghorofani. Jina la Penseli ni yeye aliyempa, kwa sababu utotoni binti huyo alikuwa akimnyatia, akachomoa penseli iliyokaa nyuma ya sikio lake na kuchora samaki kwenye mbao za wateja. Siku hizi alikuwa analipwa kwa uchokozi huohuo. Yeye ndiye aliyechora sura ya ile programu ya kusomea vitabu ambayo watu wengi walikuwa nayo kwenye simu zao.

Ukiifungua programu ile, kitu cha kwanza kuona kilikuwa rafu ya mbao, yenye mishipa yake na jicho moja kubwa la tawi upande wa kulia, na vitabu vimesimama juu yake pamoja na vivuli vyao. Ukikigusa kitabu kinafunguka. Ukiivuta kona, ukurasa unajikunja na kutoa mlio wa karatasi. Rafu hiyo haikubuniwa. Fundi aliitengeneza kwa mikono yake alipooa, ikakaa sebuleni kwao miaka yote, na Penseli alipopata kazi aliipiga picha ubao kwa ubao, akaiingiza mle jinsi ilivyo. Hata lile duara la kahawia kwenye ubao wa pili alilibakiza. Pale ndipo marehemu mama yake alipokuwa akiweka kikombe huku amesimama anasoma, eti anatafuta kitabu tu, saa nzima. Fundi alimgombeza kwa ajili ya duara lile mpaka sauti ikamkauka. Mama alipofariki, Fundi huyohuyo hakuruhusu mtu alisogelee na msasa.

Siku ya kuhama, rafu haikupita kwenye ngazi, na hata ingepita, ukuta wa kuiegemeza ulishachukuliwa na televisheni. "Baba, usihuzunike," Penseli alimwambia. "Rafu yako ipo humu kwenye simu. Humu haina mchwa, haiozi, na inaonwa na watu wengi kuliko pale sebuleni." Mzee akaamini. Akaibomoa mwenyewe, mbao akampa Randa, mwanafunzi wake aliyemrithi karakana, akapanda gari.

"Hebu tazama," alisema sasa, akimgeuzia binti simu. "Kile cha safari nimekimaliza. Nimekirudisha palepale, karibu na kikombe cha mama yako. Nakisogeza hivi, kisimfunike."

Penseli akatazama, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amevaa nguo zake za maana.

"Leo si ndiyo siku yako ya kusema mbele ya watu?"

"Ndiyo, baba."

"Wataonyesha?"

"Watarusha mtandaoni, lakini ni mambo ya kazi. Utachoka bure."

"Nichoke kwa kumtazama mwanangu?" Fundi akacheka. Shati lake la kutokea lilikuwa limeshapigwa pasi, limening'inia mlangoni.

"Kutakuwa na mabadiliko kidogo kwenye programu," Penseli akasema, akitafuta funguo ambazo alikuwa ameshazishika.

"Mabadiliko ndiyo kazi yenyewe. Nenda, usichelewe."

Mumewe, ambaye alikuwa muuguzi na ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu, alimsindikiza hadi kwenye ngazi. "Hujamwambia," alisema.

"Nitamwambia jioni."

"Jioni atakuwa ameshaona."

"Basi nitampigia kabla."

Hakupiga. Kwa nini hakupiga, mwenyewe hakuweza kueleza hata baadaye. Simu ilikuwa mkononi njia nzima.

&nbsp;

Tusimwonee. Penseli hakuwa mnafiki. Sura mpya aliiamini kwa moyo wote. Rafu ya mbao ilikuwa nzito, simu za bei rahisi zilikuwa zinaganda nayo. Vile vivuli na kurasa za kujikunja vilimaliza nafasi ambayo ingejaa maneno. Watu walishazoea simu, hawakuhitaji tena kudanganywa kwamba wameshika karatasi. Kwa hiyo alichora upya kila kitu kwa ubapa: weupe, herufi, rangi mbili, basi. Vitabu vikawa miraba. Ukurasa ukawa unateleza bila mlio. Nusu mwaka aliutetea mchoro huo kwenye vikao, na alipoupitisha alijisikia kama mtu aliyefagia nyumba nzima.

Tatizo lilianzia kwenye mazoezi ya hotuba. "Unayosema ni kweli tupu," Meneja alimwambia, "lakini yanasinzisha. Tafuta kitu cha kuwachekesha."

Akatafuta. Ndiyo maana mchana ule, ukumbi umejaa, aliionyesha ile rafu kwenye skrini kubwa nyuma yake na kuanza kuitembezea kidole. "Hii ni mbao," alisema. "Mbao ndani ya simu. Mnaweza kunieleza mbao inafanya nini ndani ya simu?" Watu wakatabasamu. Akaikuza picha, ubao wa pili ukajaa skrini. "Sasa tazameni hapa. Hili ni doa la chai. Tulipewa teknolojia yote hii mkononi, sisi tukakaa chini tukachora mpaka uchafu wa mezani kwa mtu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kicheko kitamu bwana, hasa kwa mtu aliyepanda jukwaani na hofu. Penseli akasahau kwamba hapo ndipo pa kuishia, akaongeza jambo ambalo hata kwenye mazoezi halikuwepo.

"Mwenye kikombe chake, popote alipo, tunamwomba aje apanguse."

Wakapiga makofi. Akabonyeza kitufe, ubao ukatoweka, skrini ikabaki nyeupe pee. Wakapiga makofi zaidi.

&nbsp;

Aliporudi nyumbani alimkuta Fundi mezani, bado amevaa shati lake la pasi, simu imelala mbele yake.

"Ulisema vizuri," mzee alianza. "Sauti haikukatika hata kidogo."

"Uliona, baba?"

"Tuliona wote. Nilikwenda karakana, Randa akazima mashine, tukakaa kwenye mabenchi. Niliwaambia atakayekohoa nitamtoa nje."

Penseli akaweka mkoba chini polepole. "Kwa hiyo ulisikia yote."

"Nilisikia. Watu walikusikiliza sana. Walicheka."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema neno moja. Lilikuwepo mdomoni, na lilikuwa fupi. Badala yake akasema, "Yale yalikuwa ya jukwaani tu, baba. Meneja alitaka watu wachangamke."

"Najua. Kazini mtu anasema mengi." Fundi akaisukuma simu kuelekea kwake. "Sasa nisaidie jambo moja. Ilijibadilisha yenyewe nikiwa njiani. Rafu mmeihamishia wapi? Nimebonyeza kila mahali."

"Haikuhamishwa, baba."

"Iko upande gani?"

"Imeondolewa. Haipo."

"Haipo kwenye simu hii, au haipo kabisa?"

"Kabisa."

Mzee akaitazama skrini nyeupe, miraba imejipanga, kile kitabu cha safari kimekuwa mraba wa kijani kati ya miraba mingine. Akaigusa kwa kidole kile kinene, taratibu, kama mtu anayepapasa uso wa ubao. "Ni safi," alisema. "Ni safi sana, mwanangu."

Kisha akainuka, akachukua kikombe chake, akakiosha, akakifuta, akakirudisha kabatini. Hakuwahi kuosha kikombe tangu aingie nyumba ile. Penseli alibaki amekaa, anasikia maji jikoni, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

&nbsp;

Tangu siku hiyo Fundi akawa mtu nadhifu. Kisahani hakusubiri kupenyezewa, alitembea nacho mkononi kutoka chumbani. Akimaliza chai anapangusa upande wake kwa leso, halafu anapangusa na upande ambao hajakaa. Akitaka kuwasha televisheni anauliza kama inafaa. Vitabu aliacha. Alipoulizwa kwa nini, alisema macho yamechoka, ingawa macho hayo yaliona uzi mweupe kwenye zulia na kuuokota.

"Baba yako amejigeuza mgeni," mumewe alimwambia Penseli wakiwa jikoni. "Tena mgeni mwema. Ananitisha."

"Nifanye nini sasa?"

"Umemwomba msamaha?"

"Nitamrudishia rafu yake kwanza. Nikiwa na kitu mkononi nitaweza kusema."

Muuguzi akamtazama jinsi anavyotazama wagonjwa wanaosema hawaumwi. Kisha akaenda kulala.

Penseli akaenda kwa Meneja. Alikuwa amejiandaa njiani, amepanga hoja zake. Kwamba wako wasomaji, hasa wazee, ambao waliipenda sura ya zamani. Kwamba si vibaya kuwaachia wachague.

"Wazee?" Meneja aliuliza. "Wewe ndiye uliyetuambia ladha mbili katika programu moja ni uchafu. Neno ni lako, mimi nimeliazima tu, naenda nalo kila kikao."

"Nilikosea kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Tumeshawalipa watu waliobadilisha."

"Basi naomba lile toleo la zamani, la simu moja tu. Ni la mzee wangu."

Meneja akainua macho. Hakuwa mtu mbaya, na aliona kwamba hili si suala la kikao. "Ningekupa hata sasa hivi," alisema kwa upole. "Lakini ulilifunga wewe mwenyewe. Ukilifungua linakataa, linakwambia sasisha. Ulisema hutaki mtu abaki nyuma."

Ni kweli. Alikuwa amelisisitiza hilo hadi watu wakachoka, akalisimamia hadi likakamilika, akahakikisha kwa simu yake mwenyewe kwamba hakuna upenyo. Kazi nzuri, haikuwa na upenyo.

Picha za asili alizipata, zile alizopiga mwanzo. Akaikata ile ya ubao wa pili, akaenda kuichapisha kwenye karatasi ngumu. Ilitoka vizuri, mishipa yote ya mbao ilionekana. Lakini akiwa ameishika pale kaunta akaona ni karatasi, na akakumbuka kwamba ubao wenyewe uko mahali fulani. Karakana haikuwa mbali.

&nbsp;

Randa hakuwa amepewa jina hilo kwa sababu ya kuranda mbao tu. Hata maneno alikuwa anayalainisha. Alijifunza ufundi kwa Fundi, na Penseli alimhesabu kuwa kaka yake. Alipomwona mlangoni akazima mashine, akajipangusa vumbi la mbao usoni.

"Dada mdogo. Tulikuona. Umependeza, umezungumza, sisi huku tulijaa kifua."

"Kaka, usinilainishie. Baba alikuwaje siku ile?"

Randa akasita, akaokota kipande cha ubao na kukigeuzageuza. "Mwanzoni alikuwa na furaha. Rafu ilipotokea alisimama kabisa, akasema, ile ni yangu, nimeichonga mimi. Tukampigia makofi. Halafu ukasema lile la doa."

"Akafanya nini?"

"Akacheka. Tulipoona yeye anacheka, na sisi tukacheka. Tungefanyaje? Halafu ukasema lile la kupangusa, hapo akakaa. Akasema ni magoti."

Penseli alitazama sakafu iliyofunikwa na maranda. Harufu ilikuwa ileile ya utoto wake, na hakuwa na penseli ya kuiba. "Mbao za rafu bado unazo?" aliuliza. "Namaanisha ubao wa pili. Ule wenye alama. Nitaununua."

"Ule niliutengenezea milango ya kabati. Mbao nzuri sana ile, ilikuwa imekauka barabara."

"Nani alichukua kabati? Nitamfuata."

"Dada." Randa akakiweka kile kipande chini. "Ukimfuata utapata mlango. Alama haipo. Niliiranda."

"Uliiranda."

"Mteja atanunuaje mlango wenye doa? Lakini usifikiri niliamua tu. Mzee alikuwa hapahapa, siku aliyozileta. Nilimuuliza, mzee, hii niiache? Maana nilijua jinsi alivyokuwa mkali nayo." Sauti yake haikuwa laini tena. "Ndiye aliyenishikia ubao upande wa pili. Akasema, randa tu, hii ya hapa si kitu. Nyingine mwanangu ameiweka kwenye simu. Ile haifutiki."

Penseli alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye benchi. Huenda ndilo alilokalia baba yake, hakuuliza. Randa hakuwasha mashine mpaka alipoondoka.

&nbsp;

Fundi alikuwa peke yake nyumbani Penseli alipoingia. Chai ilikuwa tayari, kisahani kiko mahali pake, leso imekunjwa pembeni. Penseli akatoa ile picha kwenye bahasha, akaiweka mbele yake.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Ulipiga vizuri," alisema. "Hata jicho limeingia."

"Nitaiwekea fremu. Tutaitundika chumbani kwako."

"Asante, mwanangu. Ila usijisumbue na fremu." Akaigeuza kidogo ili iendane na ukingo wa meza, kama ilivyo tabia ya mafundi. "Picha sina ugomvi nayo. Kule kwenye simu nilikuwa naweka kitabu. Mtu anasimama pale, na mimi nakuja naweka kitabu changu kando yake. Kwenye picha siwezi kuweka kitu."

Penseli akavuta kiti cha pili. Akaketi. Alikuwa amepanga kuanza mbali, aeleze habari za Meneja, za toleo lililofungwa, za simu zinazoganda. Yote yakamwisha.

"Baba, nisamehe," alisema. "Nilipokuwa nasema pale jukwaani, nilikuwa najua kikombe ni cha nani. Sikusahau. Nilijua, nikasema."

Fundi akavuta pumzi. "Nilijua kwamba unajua," alisema. "Hilo ndilo lililoniuma. Mengine yote ni mbao."

Chini barabarani gari lilipiga honi, likajibiwa na jingine. Penseli alilia bila sauti, na mzee hakumkataza, alimwachia tu mkono wake uliojaa makovu ya patasi. Alipotulia, aliona baba yake anakisogeza kisahani apate kuweka kikombe.

"Kiache hicho," alisema, akakichukua. "Weka hapohapo mezani."

"Itachafuka meza yako."

"Ichafuke."

"Usije ukaipangusa nikigeuka."

"Sipangusi, baba. Leo siipangusi."

Mzee akamtazama kama anapima ubao asiouamini, kisha akakiteremsha kikombe juu ya meza tupu. Penseli akajimiminia chake, akakiweka hivyohivyo, moto, chini kimelowa kidogo, kando ya kile cha baba yake. Wakanywa. Wakazungumza habari za Randa na mashine yake inayopiga kelele, na Fundi akasema mkanda wake umelegea, angepita kuukaza. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kuzungumza hivyo.

Chai ilipokwisha Fundi akainua kikombe, na Penseli akainua chake, wote wawili wakainama kuangalia. Meza ilikuwa nyeupe, laini, ya zile mbao za kiwandani. Aliyemuuzia alimwapia kwamba haiwezi kushika doa, na Penseli aliinunua kwa sababu hiyo. Palikuwa na maduara mawili membamba ya mvuke. Wakiwa wanayatazama, yakapungua pembeni, yakakatikakatika, yakakauka.

Fundi alipitisha kiganja mahali palipokuwa na kikombe chake.

"Meza nzuri," alisema. "Haishiki kitu."